Miezi 8: achezee nini nyumbani?

Mama_Manyatta: Wenzangu hamjambo? Kijana wangu ana miezi 8. Anakaa mwenyewe, ila kutambaa bado, anajiburuta kwa tumbo tu. Shangazi yake amesisitiza tununue woka, kile kigari cha mtoto chenye magurudumu, eti ndiyo itamfunza kutembea. Baba yake naye alileta simu ya kuchezea ya betri. Inaimba kutwa, mtoto anaitazama tu. Anachopenda ni mwiko na sufuria. Nimwache navyo, ama kuna kitu anakosa? Tuko chumba kimoja hapa Kisumu na pesa ni kidogo.

Nyar_Kondele: Mwache na sufuria yake, dada! Kugonga, kuangusha, kuhamisha kitu toka mkono huu hadi ule, ndiyo kazi ya umri huo. Ongeza vikombe vya plastiki. Funika kampira kwa kikombe huku anaona. Wangu mwanzoni aligeuka pembeni kama kwamba mpira umekufa. Baadaye akawa anakipindua kikombe mwenyewe, ananiangalia, anacheka. Karibu na miezi hiyo ndipo wanang'amua kuwa kitu kikifichwa bado kipo.

Baba_Pacha: Woka hapana. Haimfunzi kutembea, inamfikisha kwenye jiko la makaa kabla hujageuka. Kanada walipiga marufuku kuziuza tangu 2004. Tandika mkeka, mlaze kwa tumbo, weka mwiko mbali kidogo na mkono wake uone atakavyoufuata. Shangazi mwambie pesa hiyo anunue Pampers 😄

Nesi_wa_Zamu: Mama, usihofu sana kuhusu kutambaa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliona karibu asilimia 4 ya watoto hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea. Kinachonihangaisha mimi ni mtoto asiyegeuka akisikia sauti, au anayetumia mkono mmoja tu. Huyo hasubiri kliniki ijayo. Wako bado ana chanjo ya surua ya miezi 9, basi siku hiyo beba kijitabu cha Mama na Mtoto uulizie.

Ile simu sasa: kifuniko cha betri kina skurubu? Vile vibetri bapa vikimezwa vinaunguza koo ndani ya saa 2. Kama hakina, iondoe leo. Na chochote kinachopita ndani ya ile bomba ya karatasi ya tishu ni kidogo mno kwake.

Mama_Manyatta: Asanteni jamani. Haina skurubu, nimeitoa. Na chupa ya soda yenye maharagwe ndani, ya kutikisa?

Nyar_Kondele: Sawa, bora kizibo ukigandishe kwa gundi kabisa, maana maharagwe moja linaweza kumkaba. Akianza kuitafuna ikapasuka, tupa utengeneze nyingine. Na usimwachie peke yake, keti naye mkekani.

Baba_Pacha: Baba yake pia aketi. Simu si kazi yake yote.