Redmine: mkandarasi aone kazi zake tu, mfadhili asome bila kuandika

Swali: mratibu wa miradi ya maji, Soroti

Ndugu zangu, nawasalimu. Shirika letu linachimba na kukarabati visima vya pampu ya mkono katika wilaya za Soroti, Kumi na Bukedea, na kazi zote tunazifuatilia kwa Redmine, programu ya kusimamia miradi na kazi, iliyo kwenye seva yetu wenyewe. Aliyesimika mfumo huo kabla yangu aliwapa karibu watumiaji wote wadhifa wa meneja, kuanzia mhandisi hadi mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kazi, kwa kuwa hakutaka mtu akwame. Sasa tumeanza kuwaingiza wakandarasi wa uchimbaji. Mwezi uliopita mmoja wao alifungua kazi ya kisima kisichokuwa chake, akakuta kiambatisho chenye bei ya mshindani wake: gharama ya kila mita ya kuchimba, mabomba, hata usafiri wa mtambo. Malalamiko yalimfikia mkurugenzi kabla ya kunifikia mimi.

Ninachotaka ni kwamba mkandarasi aone kazi alizokabidhiwa tu, mfadhili asome maendeleo bila kuweza kubadilisha chochote, na wahandisi waweze kuandikiana ndani ya kazi ileile maoni ambayo mkandarasi hayaoni. Nimemwongezea mkandarasi wadhifa mpya wenye ruhusa chache, lakini bado anaona kila kitu. Je, Redmine haiwezi kumpunguzia mtu ruhusa, au kuna mahali pengine pa kuangalia?

Jibu: msimamizi wa mifumo, Kampala

Ndugu mratibu, jambo la kushika kwanza ni kwamba Redmine hujumlisha ruhusa, haipunguzi. Mtu mwenye nyadhifa mbili katika mradi mmoja hupata kila kinachoruhusiwa na wadhifa wowote kati ya hizo, kwa hiyo wadhifa mdogo uliomwongezea haufanyi kazi yoyote maadamu ule wa meneja bado upo. Uondoe huo kwanza. Kagua pia makundi, maana kama mkandarasi yumo katika kundi lililoingizwa mradini, wadhifa wa kundi humfuata, na hutaweza kuuondoa kwenye jina lake mpaka umtoe katika kundi lenyewe.

Kisha angalia kama mradi ni wa wazi. Mradi wa wazi husomwa na kila mwenye akaunti, hata kama hakuongezwa kwenye mradi huo, kwa ruhusa za wadhifa maalumu wa asiye mwanachama ambao umo ndani ya mfumo tangu mwanzo. Na pale ambapo mfumo haumlazimishi mtu kuingia kwa neno la siri, hata mpita njia wa intaneti anaweza kusoma. Redmine husimikwa ikiwa na mpangilio unaoifanya miradi mipya kuwa ya wazi, na watu wengi hawaugusi. Naomba uuzime leo, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Baada ya hapo nenda kwenye ukurasa wa wadhifa wa mkandarasi. Juu ya orodha ndefu ya ruhusa kuna mpangilio wa kazi zinazoonekana, nao una machaguo matatu: kazi zote, kazi zote zisizo za faragha, au kazi ambazo mtumiaji amezifungua mwenyewe au amekabidhiwa. Hilo la tatu ndilo unalolitafuta. Lakini zingatia kwamba linahusu kazi na viambatisho vyake peke yake. Haligusi wiki (kurasa za maelezo za mradi), nyaraka wala mafaili ya mradi, kwa sababu kila moja ya sehemu hizo ina ruhusa yake ya kusoma. Kama orodha ya bei imewekwa kwenye nyaraka za mradi na wadhifa wa mkandarasi una ruhusa ya kuzisoma, ataifungua bila kizuizi hata baada ya kazi zingine kufichwa.

Maoni ya wahandisi yana dawa yake ndani ya mfumo. Kuna ruhusa ya kuandika maoni ya faragha na ruhusa ya kuyasoma. Wape wahandisi zote mbili na mkandarasi usimpe hata moja. Bei nayo unaweza kuiwekea sehemu ya ziada kwenye fomu ya kazi, na sehemu hiyo ukaifanya ionekane kwa nyadhifa unazozichagua tu. Kwa mfadhili, tengeneza wadhifa wa msomaji na utie alama kwenye ruhusa za kusoma pekee.

Kanuni inayotuongoza katika haya si ngeni. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiandika mwaka 1975, kwamba kila mtumiaji na kila programu ifanye kazi kwa ruhusa chache kadiri inavyowezekana kuikamilisha kazi hiyo. Kumpa kila mtu umeneja ili asikwame ni kuahirisha matatizo, na ninyi mmeshayaona.

Jibu: mhandisi wa visima, Lira

Nakubaliana na mengi aliyoyasema mwenzangu, ila chaguo la tatu lina mtego kwa kazi za ujenzi. Mkandarasi anapomaliza kuchimba, kazi hukabidhiwa mhandisi kwa ukaguzi na majaribio ya pampu. Papo hapo mkandarasi huacha kuiona, kwa kuwa si yeye aliyeifungua na hajakabidhiwa tena. Mhandisi akiandika kwamba saruji ya kuzunguka kisima imepasuka na irudiwe, mwenye kuirudia hasomi maelekezo hayo, na siku zinapita kila mmoja akimsubiri mwenzake. Unaweza kuiacha kazi mikononi mwa mkandarasi na kufungua kazi ndogo ya ukaguzi kwa jina la mhandisi, lakini hilo linahitaji nidhamu ambayo uwanjani ni vigumu kuidumisha.

Mimi napendelea kila mkandarasi awe na mradi wake mdogo chini ya mradi mkuu. Wahandisi huwekwa katika mradi mkuu, na kila mradi mdogo unaagizwa kurithi wanachama wa mradi wa juu. Mkandarasi huingizwa katika mradi wake mdogo tu, na hapo aone kazi zote zisizo za faragha. Usithubutu kumweka katika mradi mkuu, hata kwa siku moja, maana urithi huohuo utamfikisha kwenye miradi ya washindani wake.

Mratibu, Soroti

Nashukuru sana. Maelezo kuhusu ukaguzi yanafanana kabisa na hali yetu, kwa hiyo nitafuata njia ya miradi midogo. Hofu yangu ni kwamba wakandarasi wakiongezeka, kuandaa mradi mmoja mmoja kutachosha, na makosa yatajipenyeza humo.

Jibu: msimamizi wa mifumo, Kampala

Hoja ya mhandisi ni nzuri, nami ningeifuata mahali pako. Andaa mradi mdogo mmoja wa mfano, usio na mkandarasi ndani yake, kisha uunakili kutoka ukurasa wa usimamizi kila anapokuja mkandarasi mpya. Halafu ujaribu kwa akaunti ya majaribio yenye wadhifa wa mkandarasi. Usikague kwa akaunti yako, kwa sababu msimamizi mkuu huona miradi yote bila kujali wadhifa wowote, na hivyo macho yako hayawezi kuthibitisha kwamba kitu kimefichwa.

Jibu: afisa wa kumbukumbu na data, Mbale

Naomba kuongeza upande wa sheria. Bei ya zabuni ni ugomvi wa kibiashara, lakini nadhani kazi zenu pia zina majina na namba za simu za wenyeviti wa LC1 (mabaraza ya vijiji) na wajumbe wa kamati za maji. Hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo inamtaka anayezishika azilinde zisifikiwe na asiyeruhusiwa, na akiwa na sababu ya kuamini kwamba zimefikiwa, aiarifu mamlaka husika mara moja. Katika mpangilio mpya, zipelekeni namba hizo mahali ambapo wakandarasi wote hawafiki, na kila mmoja apewe zile za vijiji anakochimba tu.

Mkandarasi anapomaliza mkataba, funga akaunti yake, usiifute. Iliyofungwa haiwezi kuingia, lakini jina lake hubaki kwenye kila alichokiandika. Ukiifuta, maandishi yake yote huhamia kwa mtumiaji asiyejulikana, na mkaguzi wa hesabu akija kuuliza nani alithibitisha kina cha kisima fulani, hutakuwa na jina la kumwonyesha.

Wale wenye umeneja wa zamani nao msiwasahau. Pangeni tarehe ya kukagua orodha ya wanachama pamoja na mkurugenzi, kila robo ya mwaka, na mwanafunzi aliyemaliza mafunzo yake afungiwe akaunti siku hiyohiyo anayokabidhi kitambulisho.