Linki ya mwenye picha imekufa: tuifute, tuibadili au picha yenyewe itoke?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili. Tovuti nyingi hutumia picha za leseni huria za Creative Commons, na chini yake jina la mpiga picha, leseni na linki. Google ilipofunga Panoramio, tovuti yake ya kuweka picha, mwaka 2016, linki kibao zilikufa. Wapo wanaosema futa tu. Mimi napinga. CC BY 4.0, mojawapo ya leseni hizo, inataka utaje mwenye kazi, leseni, na linki ya picha pale inapowezekana. Tafuta ukurasa ule kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao, weka nakala hiyo, jina usiliguse.

Mchangiaji: Mkuu, "pale inapowezekana" ndiyo inayokusuta. Ukurasa haupo, basi haiwezekani. Jina na leseni vinatosha. Nani ana muda wa kupekua makala za miaka yote hiyo?

Mleta mada: Programu za kusaka linki mbovu zipo, hupekui kwa mkono. Na iliyokufa ina nafuu. Balaa ni iliyofufuka. Mpiga picha kaacha kulipia domeni, yaani anwani ya tovuti yake, mtu wa kamari kainunua. Msomaji wako anabonyeza jina la mpiga picha, anatua kwenye mikeka ya kubeti!

Mchangiaji mwingine: Na wale wa barua pepe je? "Linki yenu imepitwa na wakati, wekeni hii yetu." Ukifungua ni duka la mapazia. Mimi huwaambia wathibitishe kuwa picha ni yao: wanitumie faili halisi, lile kubwa lenye data za kamera. Kimya mpaka leo.

Mchangiaji wa tatu: Mnasahau matoleo ya leseni. Picha nyingi za Flickr, tovuti ya kuweka picha, ni za toleo 2.0: ukikiuka masharti, leseni inakatika hapo hapo. La 4.0 linairudisha ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa. Kuna watu wanaishi kwa kuwinda makosa hayo wadai fidia. Kabla ya kufuta chochote, soma toleo. Tena piga picha ya skrini ya ukurasa wenye leseni siku unayopakua picha, maana mwenyewe akibadili leseni kesho, ya jana haifutiki kwako, ila ushahidi utautoa wapi?

Mchangiaji: Ya domeni ya kamari nimekubali. Lakini picha ya mwaka 2009 ambayo mwenyewe alijiita kwa jina la utani tu, na ukurasa haupo hata kwenye Wayback?

Mleta mada: Liandike hilo hilo la utani, alivyojiita. Linki toa, leseni iache.