Nina kifaa lakini nimeambiwa sina swali la utafiti: nifanyeje na transfoma moja ambayo haijawahi kuungua?

Fezi_Tatu aliandika:

Waheshimiwa wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika idara ya uhandisi wa umeme na kompyuta, na niko katika hatua ya pendekezo la utafiti. Nimetengeneza kifaa cha kufuatilia transfoma ya kVA 315 inayoshusha umeme kutoka kilovolti 11 hadi volti 400 na kulisha mabweni ya chuo chetu hapa Dar es Salaam. Kifaa kina kidhibiti cha ESP32, vihisi vitatu vya mkondo vinavyobana nyaya tatu zinazobeba umeme (fezi) bila kuzikata, kihisi cha joto nilichokibandika ubavuni mwa tangi la mafuta, na chipu ya ADS1115 inayogeuza mawimbi kuwa tarakimu. Chipu hiyo huchukua sampuli 860 kwa sekunde, ikisoma fezi moja kwa sekunde 2 kabla ya kuhamia inayofuata, na muhtasari hutumwa kwa mtandao wa simu kila dakika. Kwa miezi 3 nimekusanya mistari ipatayo 129,600. Kichwa cha pendekezo kilikuwa kutabiri kuungua kwa transfoma za usambazaji kwa kutumia ujifunzaji wa mashine.

Wiki iliyopita niliwasilisha mbele ya jopo la idara. Mjumbe mmoja aliniuliza transfoma yangu imeungua mara ngapi, nami nikajibu kwamba haijawahi kuungua hata mara moja. Akafunga daftari lake, na ukumbi ukaangua kicheko. Nikaambiwa kwamba nilichonacho ni mradi mzuri wa shahada ya kwanza, kwamba kifaa si swali, na kwamba nirudi baada ya wiki 6 nikiwa na swali.

Naomba ushauri wa namna ya kupata swali la kweli bila kutupa kazi niliyokwisha kuifanya. Kuna jambo moja ambalo sikupata nafasi ya kulieleza vizuri: katika uchambuzi wa mawimbi ya mkondo nimekuta mlima kwenye grafu, yaani marudio yenye nguvu kuliko ya jirani, unaojirudia kila usiku kwenye hezi 410 (mizunguko 410 kwa sekunde). Sijaona maelezo yake popote, na nilifikiri huenda ukawa ndio mchango mpya wa tasnifu.

Mstaafu_Sabstesheni aliandika:

Kijana wangu, pole kwa kicheko, lakini huyo mjumbe alikuwa sahihi. Programu inayojifunza kutabiri kuungua lazima ionyeshwe transfoma nyingi zilizoungua na nyingi zilizosalimika, ndipo itambue kilichozitofautisha. Wewe unayo moja, tena nzima. Mistari 129,600 ya transfoma moja ni sawa na mtu mmoja mwenye afya aliyepimwa joto mara 129,600. Huwezi kumtumia huyo kuwaeleza watu ugonjwa wanaofia.

Hata hivyo umekalia swali lingine zuri zaidi, na limo ndani ya kihisi chako cha joto. Transfoma ya mafuta huzeeka kwa sababu karatasi inayohami koili zake hupoteza uimara inapopata joto. Mwongozo wa kimataifa wa kupakia mzigo transfoma za mafuta, IEC 60076-7, unaichukulia karatasi ya kawaida kuwa inazeeka kwa kasi ya 1 pale sehemu yenye joto kali kuliko zote katika koili inapokuwa na nyuzijoto 98, na kasi hiyo huwa maradufu kwa kila nyuzi 6 zinazoongezeka. Hizo nyuzi 98 zilipatikana kwa kujumlisha nyuzi 78 zinazotokana na transfoma yenyewe ikiwa na mzigo wake kamili, na nyuzi 20 za wastani wa hewa kwa mwaka. Sasa niambie ni nani aliyewahi kuishi Dar es Salaam yenye wastani wa nyuzi 20. Wastani wetu ni kama nyuzi 26, na kwa hiyo transfoma ileile ikibeba mzigo kamili mfululizo hapa kwetu, karatasi yake itazeeka kwa kasi ya takriban mara 2 kabla hata hujaizidishia chochote.

Lakini mabweni hayabebeshi mzigo kamili mfululizo. Jioni wanafunzi wanarudi, pasi na birika za umeme zinawashwa, mzigo unapanda; alfajiri unashuka, na mafuta, ambayo huchukua saa kadhaa kupata joto na saa kadhaa kulipoteza, hayafuati mzigo papo hapo. Hapo ndipo penye swali: je, mpangilio wa mzigo wa mabweni katika hewa ya pwani hula kiasi gani cha maisha ya karatasi, na makadirio ya mwongozo yanakaribiana vipi na joto ulilolipima? Swali hilo linaweza kujibiwa na transfoma moja, na jibu lolote litakalopatikana lina maana, hata likiwa kwamba transfoma haiteseki kabisa.

Usiache pia kuangalia kutolingana kwa fezi. Transfoma yako ya kVA 315 ina mkondo kamili wa ampea 455 hivi kwa kila fezi. Chukulia fezi zinabeba ampea 450, 300 na 150: anayetazama jumla atasema imebeba theluthi mbili tu na ataondoka akiwa ameridhika, kumbe koili moja imefika ukingoni, kwa maana joto hufuata mraba wa mkondo na koili hiyo inapata mara 2.25 ya joto ambalo ingelipata kama mzigo ungegawanywa sawa. Nimeona mafundi wakiunganisha nyumba baada ya nyumba kwenye fezi ileile kwa sababu tu waya wake ndio uliokuwa karibu na ngazi.

Mambo mawili ya karibu. Kihisi kilichobandikwa ubavuni mwa tangi kinapima rangi, upepo na jua la saa 9 mchana pamoja na mafuta. Kihamishie kwenye mfuko wa kipimajoto ulio juu ya kifuniko, halafu upime na joto la hewa kivulini, maana bila hilo la pili hesabu yote haisimami. Na usipande wala usifungue kabati la nyaya peke yako. Pata kibali cha maandishi, uwe na fundi mwenye leseni, na hakikisha kihisi cha mkondo hakiachwi wazi, yaani ncha zake hazijaunganishwa na kitu, kikiwa kimebana waya wenye mzigo, kwani kikiwa wazi kinaweza kuzalisha volti za kuua.

Saketi_Nairobi aliandika:

Shikamoo Mzee, nimejifunza mengi. Nami namwandikia ndugu yetu kuhusu ule mlima wa hezi 410, kwa kuwa niliwahi kuangukia mtego kama huo mwanzoni mwa shahada yangu ya uzamivu.

Ukichukua sampuli 860 kwa sekunde, huwezi kuona kwa uhakika chochote kilicho juu ya hezi 430, yaani nusu yake. Kilicho juu ya hapo hakipotei. Hukunjwa na kurudi chini kikiwa kimevaa sura ya mwingine. Hamoniki ni mawimbi ya ziada yenye marudio ambayo ni kigawe cha yale ya umeme wenyewe; hamoniki ya 9 ya umeme wetu wa hezi 50 ni hezi 450, na 860 ukitoa 450 unabaki na 410. Taa za LED, chaja na kompyuta huzalisha hamoniki za 3, 5, 7, 9 na kuendelea, na mabweni hujaa vitu hivyo usiku, saa zilezile unazouona mlima wako. Naogopa ugunduzi wako ni hamoniki ya kawaida kabisa iliyopitia mlango wa nyuma. Usiniamini kwa maneno: azima osiloskopu ya maabara (chombo kinachochora mawimbi ya umeme) inayochukua sampuli elfu 10 au zaidi kwa sekunde, uiunganishe na kihisi kilekile, usiku uleule, uone mlima umekaa wapi.

Kama unataka kuzungumzia hamoniki katika tasnifu, utahitaji chipu yenye kasi zaidi pamoja na kichujio mbele yake cha kuzuia marudio ya juu yasiyoweza kusomwa. Vipimo rasmi hufika hamoniki ya 40 au ya 50, na hiyo ya 50 ni hezi 2,500. Kama swali lako litakuwa la joto, alilolieleza Mzee, basi chipu uliyonayo inatosha kwa thamani za mkondo za kila dakika, nawe utaje tu mipaka yake bila haya.

Kagua pia saa ya kifaa. Changu kilikuwa kikipoteza saa kila umeme ulipokatika, na nilikuja kukuta takwimu za wiki 3 zikiwa na tarehe ya Januari 1970. Nilipolitatua hilo nikawa nahifadhi muda wa dunia (UTC), ulio nyuma kwa saa 3, badala ya wa Afrika Mashariki, kwa hiyo kilele cha mzigo wa jioni kikaonekana saa 10 alasiri. Na kama unalinganisha na daftari la mlinzi, kumbuka kwamba akiandika umeme ulikatika "saa 2", anahesabu kwa Kiswahili, wakati kifaa chako kimeandika 20:00.

Karakana_ya_Koili aliandika:

Naomba nipingane kidogo na Mzee, kwa heshima zote. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya kukarabati transfoma, na nyingi zilizoletwa kwetu hazikuwa zimekufa kwa uzee wa karatasi. Kuna zilizopigwa na radi, kuna zilizoibiwa mafuta usiku, na kuna zile ambazo fyuzi yake ilikatika, mtu akaifunga kwa waya mnene, na shoti iliyofuata ikaila koili badala ya fyuzi. Ukifungua tangi unaona: koili moja nyeusi, mbili zikiwa bado na rangi ya chai ya rangi. Hesabu ya nyuzijoto haitabiri mwizi.

Kwa hiyo kama bado unataka kuzungumzia kuungua, ondoka kwenye transfoma moja na uombe madaftari ya karakana: tarehe ya kufungwa, tarehe ya kuharibika, sababu. Njia ya kukadiria muda wa kuishi waliyoichapisha Kaplan na Meier mwaka 1958, inayotumiwa sana na watafiti wa tiba, itakusaidia, kwa kuwa haizitupi zile ambazo bado ni nzima siku unapofunga hesabu. Hiyo ni tasnifu nyingine kabisa, na haihitaji kifaa chako.

Mstaafu_Sabstesheni aliandika:

Marahaba, Saketi. Ndugu wa karakana, hujanipinga, umenirekebisha. Kijana aandike wazi kwamba anapima uzee wa karatasi na si uwezekano wa kuungua. Neno "kutabiri kuungua" liondoke kwenye kichwa.

Fezi_Tatu aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekaa siku 5 kabla ya kujibu ili nisirudi mikono mitupu. Kichwa kipya nilichompelekea msimamizi wangu ni athari ya mpangilio wa mzigo na kutolingana kwa fezi katika uzeekaji wa karatasi ya kuhami ya transfoma ya mabweni katika hali ya hewa ya pwani. Ameuliza swali moja tu, nitapimaje joto la hewa, nami nimekwisha kununua kihisi cha pili. Fundi wa chuo amekubali tuhamishie kile cha kwanza kwenye kifuniko siku ambayo umeme utazimwa kwa matengenezo.

Kuhusu fezi, takwimu zilikuwepo muda wote na sikuwa nimezitazama, kwa sababu nilikuwa nikizijumlisha kabla ya kuzichora. Fezi nyekundu peke yake inabeba karibu nusu ya mzigo wa jioni.

Na jana usiku nilikwenda na fundi huyo na osiloskopu ya maabara. Mlima uko kwenye hezi 450. Kwenye 410 hakuna kitu.