Naomba ushauri: siku moja Nyege Nyege, Jinja

Habari zenu wakuu. Tuko marafiki wanne, tunakaa Mwanza, tumeanza kuchanga pesa twende tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, Uganda. Lilianza 2015, watu wanacheza muziki wa kompyuta hadi alfajiri, jirani na Mto Nile, na singeli yetu ya Dar inaheshimika sana pale. Hilo ndilo linalonivuta: kuona mdundo wa uswahilini kwetu ukiwarusha wageni.

Kazi zinaturuhusu siku moja tu kati ya zile nne za tamasha. Tutapita Bukoba, Mutukula, Kampala, halafu kama kilomita 80 hivi hadi Jinja. Pasipoti tunazo, chanjo ya homa ya manjano tumeshachoma.

Mliowahi kwenda, tulale kwenye hema au gesti ya mjini? Simu na pesa mlificha wapi? Mwenzetu mmoja hanywi pombe, na mwaka huu kamzika mama yake. Nataka acheke siku nzima bila mtu kumsumbua. Na masikio je, pamba inatosha mbele ya spika zile?