Diwani yangu ya kwanza: niwashukuru vipi bibi, mama na mwalimu wangu bila kuvuka mipaka?

Mwanagenzi wa Pangani

Wanajamvi, heshima kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Ninakamilisha muswada wa diwani yangu ya kwanza. Mashairi yamekwisha kupangwa, mchapishaji mmoja mdogo wa hapa Tanga amekubali kuyasoma, na kilichobaki ni zile kurasa za mwanzo, yaani tabaruku, shukurani na utangulizi, ambazo nilidhani ni kazi ya jioni moja. Zimenishinda. Kila nikianza kueleza nilikotoka, nakuta kwamba watu ninaotaka kuwashukuru wamo ndani ya mashairi yenyewe, na sijui shukurani inaishia wapi na haki ya mtu inaanzia wapi.

Wa kwanza ni bibi mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu. Hakwenda shule, bali alikisoma Kiarabu cha chuoni, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitungia nyimbo harusi za upande wa Bweni na za Pangani mjini. Alikuwa na tabia ya kuutupa mshororo mmoja katikati ya mazungumzo, kisha akaendelea kuchambua mchele wake kana kwamba hakusema kitu. Mashairi yangu kadhaa yamejengwa juu ya mishororo hiyo. Huu ni ubeti wa kwanza wa mojawapo:

Nimetoka Bweni ng'ambo, nimevuka kwa mashua,
Nikabeba langu jambo, moyo likausumbua,
Bibi akatunga wimbo, nami nikautambua,
Mwenye nanga hapotei, hata maji yakijaa.

Mshororo wa mwisho ni wake neno kwa neno, na ndio kituo cha shairi zima.

Wa pili ni mwalimu wangu, malenga wa siku nyingi, aliyenisikia redioni nikighani shairi akaniita nyumbani kwake. Aliniazima kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kile kilichotoka mwaka 1954, akanikataza kumpelekea utungo wowote mpaka nikimalize. Tangu hapo hakuna shairi langu ambalo halikupita mikononi mwake. Mara nyingi hurekebisha mizani tu. Katika ubeti huo, kwa mfano, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, wa mshororo wa tatu niliuandika "Bibi akaniimbia wimbo", mizani kumi penye nafasi ya nane, naye akausawazisha kama unavyousoma. Hata hivyo, yapo mashairi matatu ambayo ndani yake alitunga ubeti mzima kwa mkono wake ili kunionyesha njia, na beti hizo bado zimo. Nilipomwambia kwamba nitamtaja, alikataa katakata, akasema kwamba mtu hapigiwi ngoma kwa sababu amefundisha.

Wa tatu ni mama. Utungo mrefu kuliko yote katika muswada ni utenzi kuhusu baba, ambaye alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akaoa huko, akatusahau. Ninaamini kwamba bila utenzi ule nisingekuwa mshairi. Mama ameambiwa habari zake na mdogo wangu, naye ameniomba nisiuchapishe, ingawa hajausoma.

Naomba ushauri wenu juu ya mambo haya matatu. Tafadhali msinijibu kwamba nifuate moyo wangu, kwa kuwa moyo wenyewe ndio ulionifikisha hapa.

Mzee wa Vina

Marahaba, mwanangu, na hongera. Ubeti wako umekaa vizuri, ingawa mimi ningetaka kina cha mwisho cha kituo kilingane na "-ua" za juu yake, lakini hilo ni la ladha na wala si kosa, maana kituo kina uhuru wake.

Kuhusu mwalimu wako, naona unajitwisha mzigo usiokuwapo. Tangu zamani mashairi yamepigwa msasa na wakubwa, na hakuna aliyeweka daftari la kuhesabu nani ametia silabi gani. Yeye amekataa kutajwa. Radhi ya mwalimu ni kubwa kuliko sifa utakayompa, kwa hiyo nyamaza na umwombee dua. Kuhusu baba, chapisha. Mwana Kupona, yule mshairi wetu wa zamani, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, aliyasema mambo ya nyumbani kwake bila kificho, akamtaja mumewe na ndoa yao, na leo tunausoma utendi huo kama hazina ya lugha yetu.

Msomaji wa Lamu

Mzee wangu, kwa heshima zote, mfano huo haumfai kabisa dada huyu. Mwana Kupona alimzungumzia mume aliyekwisha kufariki, tena kwa kumsifu, na aliyeambiwa maneno hayo alikuwa binti yao mwenyewe, ambaye alirithishwa wosia huo mkononi. Mwanagenzi anataka kumlalamikia mtu aliye hai mbele ya watu wasiomhusu, na anayeombwa kubeba aibu ya lalamiko hilo si baba, ni mama, ambaye kila siku atakwenda sokoni Pangani na kukutana na watu waliokisoma kitabu. Utendi wa Mwana Kupona ungefaa kutolewa mfano hapa kama binti yake ndiye angetunga utendi wa kumsuta baba yake, jambo ambalo halikutokea.

Wala asidanganyike kwamba atalificha jambo kwa jazanda, baba akawa nahodha na nyumba ikawa jahazi. Fumbo mfumbie mjinga. Katika mji mdogo wa pwani, nahodha huyo atatambuliwa kabla ya ubeti wa tatu.

Mhariri Mstaafu

Nimehariri diwani nyingi katika maisha yangu ya kazi, nyingine za malenga wakongwe na nyingine za vijana wa mara ya kwanza, na kurasa za shukurani ndizo nilizogombana nazo zaidi. Mwandishi mpya huzitumia kulipia kila deni alilo nalo, na akikumbuka kwamba kuna ubeti si wake, humwandikia mwenye ubeti maneno matamu ukurasa wa tano akaona wamemalizana. Huo ndio mtego ninaouona mbele yako, Mwanagenzi. Shukurani ni hiari ya anayetoa na ya anayepokea, kwa hiyo mwalimu wako ana haki kamili ya kuikataa. Utunzi ni jambo jingine. Ubeti alioutunga yeye ukitoka chini ya jina lako, msomaji ameambiwa jambo lisilo kweli, na kukataa kwa mzee kupigiwa ngoma hakuigeuzi hali hiyo.

Mzee wa Vina amesema kwamba wakubwa walipiga msasa bila kuhesabu, na ni kweli, lakini tuangalie hasara iliyotokana na kutohesabu huko. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, na tungo zake zikabaki midomoni mwa watu. Mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua ndiye aliyezikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmishenari William Taylor, na diwani yenyewe ilipotoka mwaka 1940 ilitayarishwa na William Hichens. Leo wanafunzi wengi wanalijua jina la Muyaka, wachache wanamjua Hichens, na ukimtaja Sikujua darasani watu hutazamana. Bila yeye, sehemu kubwa ya tungo hizo tusingekuwa nayo wala tusingeielewa. Unyenyekevu wa watu wa namna hii ni sifa yao, lakini haupaswi kuwa kisingizio chetu.

Basi tofautisha. Kusawazisha mizani, kama alivyofanya katika ule mshororo wa tatu, ni kazi ya mwalimu na ya mhariri, na haimfanyi mtu kuwa mtunzi mwenza. (Ingawa, ukitazama vizuri, marekebisho yake yalimtoa bibi yako kwenye kuimba yakampa utunzi, na nadhani mzee alijua anachofanya.) Ubeti mzima ni utunzi. Kwa hizo beti tatu una njia mbili tu za haki: uzitoe na utunge zako mahali pake, au uziache na useme ni za nani.

Bibi naye asiishie kwenye ukurasa wa shukurani. Chini ya kila shairi lenye mshororo wake, andika kwamba kituo ni chake, na umtaje kwa jina lake kamili kama lilivyojulikana harusini, kwa sababu "bibi yangu" ni jina la wewe kumwitia, halimtambulishi kwa mtu mwingine. Kama una mishororo yake mingine ambayo hukuitumia, ningefurahi kuiona mwishoni mwa kitabu, peke yake, bila mashairi yako juu yake.

Wakili wa Barabara ya Saba

Naongeza machache ya kisheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara, hakimiliki haingoji usajili. Inazaliwa na kazi yenyewe, na inadumu kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo tungo za marehemu bibi zina warithi, na mama yako bila shaka ni mmoja wao. Mshororo mmoja hauwezi kukufikisha mahakamani, lakini kama utafuata ushauri wa Mhariri Mstaafu wa kuzichapisha tungo zake peke yake, wajomba na mama zako wadogo waulizwe mapema na wakubali kwa maandishi. Ugomvi wa namna hii huzaliwa siku kitabu kinapopata tuzo, si siku kinapochapishwa.

Binti Mzigua

Dada Mwanagenzi, mimi nina jambo moja tu, nalo ni la mama. Umeandika kwamba hajausoma utenzi. Anachokikataa ni habari aliyoletewa na mdogo wako, na sote tunajua habari za ndugu zinavyofika zikiwa zimeongezwa chumvi. Nenda ukamsomee, kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kumweleza kwanza ulichokusudia. Kama baada ya kusikia bado anakataa, basi amekataa utenzi wenyewe, na hapo ningemsikiliza. Diwani ya kwanza si lazima iwe na kila kitu. Ukiamua kuuweka kando, utenzi haufi. Utatungiwa kitabu chake wakati mwingine.

Mzee wa Vina

Msomaji wa Lamu, nimekuelewa, na kuhusu Mwana Kupona nakubali kwamba mfano wangu ulivutwa kupita urefu wake. Kuhusu mwalimu bado sijakubaliana na Mhariri. Mwanafunzi akikaidi neno la mwalimu wake katika kitabu chake cha kwanza, cha pili atakipeleka kwa nani kisomwe? Mimi pia nina wanafunzi, na nimewapa mishororo mingi ambayo sitaki kuiona ikiandikwa jina langu, kwa kuwa mingine niliitupa tu kuziba pengo la mizani.

Mhariri Mstaafu

Mishororo, mzee wangu, nakuachia. Mimi nimesema beti nzima.

Mwanagenzi wa Pangani

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi, kwani nilitaka kwanza nifanye baadhi ya mliyoniambia.

Nilimsomea mama utenzi baada ya swala ya isha, yeye akiwa ameketi barazani. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliniambia kwamba beti zinazomhusu baba hazina neno, kwa kuwa watu wa mtaani wanazijua habari hizo zamani kuliko mimi, lakini kuna sehemu ambapo nimemwonyesha yeye akilia dirishani, na jambo hilo, alisema, halikutokea. "Sikulia. Nilikwenda kusuka mikeka nikauza." Nimekaa na maneno hayo, na naona kwamba kilio kile nilikitia kwa sababu nilidhani utenzi unakihitaji. Nimezifuta beti hizo na ninatunga nyingine za mikeka na ukili, na kwa ruhusa yake utenzi utabaki. Jina la baba halimo wala halikuwamo.

Kwa bibi, nitafanya kama Mhariri alivyosema, na wajomba wameitwa waje Ijumaa. Mmoja amekwisha kudai kwamba "Mwenye nanga hapotei" ni wa mama yake bibi, si wa bibi, kwa hiyo sijui kikao hicho kitaishaje.

Limebaki la mwalimu. Beti mbili nimeziondoa na kutunga zangu, na nadhani hazikupungukiwa. Ya tatu imenigomea: kila ninapoiandika upya, shairi linalegea, kwa sababu ubeti ule ndio unaougeuza mwelekeo wake. Je, niliache shairi hilo nje kabisa?

Mhariri Mstaafu

Usiliache. Mpelekee mwalimu shairi hilo peke yake, pamoja na zile beti mbili ulizotunga badala ya zake, ili aone kwamba huombi msaada mwingine na wala humwandikii sifa. Kisha mwombe ruhusa ya jambo dogo: maandishi madogo chini ya shairi hilo yanayosema kwamba ubeti wa nne ni wake, basi, bila neno "malenga", bila "gwiji", bila "shaha". Wazee wengi niliowajua walizikataa sifa, na wachache sana walikataa maelezo mafupi ya ukweli. Akikubali, maandishi hayo yakae kwenye ukurasa uleule wa shairi, na umwangalie mpanga kurasa asije akayahamishia mwisho wa kitabu ili kuokoa nafasi.

Mzee wa Vina

Kwa sharti hilo, hata mimi ningekubali. Na huo mshororo wa nanga, kabla ya kikao cha Ijumaa, waulize pia wazee wa Bweni waliokuwa wakiimba naye harusini.