MREJESHO: Sebule ya mdoli ya mwaka 1961

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini sebule ndogo ninayomtengenezea mama, ya mtindo wa Mwanza wakati wa Uhuru, inaonekana kama vitu vya kuchezea tu. Nimerudi na majibu.

Tatizo lilikuwa kipimo. Mlinishauri nishike 1:12 kwa kila kitu, yaani sentimita 12 za kitu halisi ziwe 1 kwenye kidogo, na kweli, meza ya sentimita 72 sasa ina 6 kamili, wakati ile ya kwanza ilikuwa na 9! Nimeivunja. Kitenge cha mapazia nacho nimekitoa, maua yake yalikuwa makubwa kuliko kiti, nikaweka pamba nyeupe.

Ukuta nimeupaka chokaa juu na rangi ya kijani chini, sakafu nyekundu, kisha nikaisugua kwa nta ya mshumaa mpaka ikang'aa. Vitambaa vya viti nimefuma kwa uzi wa cherehani na kuvichovya kwenye chai ya rangi ili vizeeke. Hapo macho yaliniuma, lakini ndivyo vinavyoibeba sebule nzima.

Kandili ndiyo iliyonishinda siku nyingi. Nilienda Makoroboi, kule Mwanza mjini, fundi mmoja mzee akanikatia bati la kopo, kioo nikakipata kwenye bomba la kalamu. Ina sentimita 3.

Mama aliiona Jumapili. Aliishika ile kandili, akauliza mafuta yanatiwa wapi.

Imebaki redio ya mbao. Mwenye picha ya zamani anisaidie, tafadhali.