Jaji wa katikati huacha nini? Naomba msaada kuhusu O'Connor

Mwanasheria Mtarajiwa, Parklands:
Habari zenu wanajukwaa. Nipo mwaka wa tatu wa sheria na wiki ijayo nitazungumza darasani juu ya Jaji Sandra Day O'Connor wa Marekani. Alikaa Mahakama ya Juu kuanzia 1981 hadi 2006, na mara nyingi kura yake ndiyo iliyoamua kesi. Lakini hukumu ya Casey ya 1992, kuhusu utoaji mimba, ilifutwa 2022. Niseme aliacha nini hasa?

Mama Wakili:
Mwanangu, usianzie kwenye kilichofutwa. Anzia alipofungiwa mlango. Alihitimu sheria Stanford mwaka wa 1952, akiwa miongoni mwa walioongoza darasa lao, na kampuni ya mawakili ikamwambia kazi iliyopo ni ya ukatibu. Mwanzoni ilimbidi afanye kazi ya serikali ya kaunti bila mshahara.

Mwaka wa 1994 nilipeleka barua ya kuomba uanagenzi kwenye ofisi moja hapa mjini. Mwenye ofisi aliikunja kabla ya kufika ukurasa wa pili, akaniuliza kama najua kupiga chapa. Barua ninayo hadi leo, na mkunjo wake haujanyooka. Kwa hiyo ile idadi ya 99 kwa 0, kura za Seneti zilizompitisha kuwa jaji mwanamke wa kwanza pale, mimi siisomi kama tarakimu tu.

Sasa Casey. Isome kipengele kwa kipengele. Ilihusu masharti ya sheria ya jimbo la Pennsylvania: yeye na majaji wenzake Kennedy na Souter walikubali sharti la kusubiri saa 24 kabla ya kutoa mimba, wakakubali ruhusa ya mzazi kwa msichana mdogo, lakini sharti la mke kumjulisha mumewe wakalikataa. Hiyo ndiyo njia yake: alipima kila sharti peke yake, akauliza linamwelemea nani. Udhaifu wake ni kwamba hukumu ya namna hiyo huhitaji mtu wa kuilinda. Aliondoka amuuguze mumewe, John, aliyekuwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kiti chake akakikalia Jaji Alito, na Alito ndiye aliyeandika hukumu ya 2022 iliyoifuta Casey.

Lakini hukumu ya Hamdi ya 2004, kuhusu raia wa Marekani aliyezuiliwa kama adui wa vita, ingalipo. Humo aliandika kwamba vita si hundi iliyo wazi ya rais dhidi ya haki za raia.

Jirani wa Milimani:
Mama, na kesi ya Bush na Gore, iliyoamua uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2000? Tano kwa nne, naye alikuwa kwenye wale watano. Sisi tuliosimama nje ya mahakama hapa Nairobi tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne dhidi ya wawili walipofuta uchaguzi wa rais, hilo hatuwezi kuliruka.

Mama Wakili:
Wala asiliruke. Mwaka wa 2013 O'Connor mwenyewe alisema huenda mahakama ingepaswa kukataa kuipokea kesi ile. Mwanangu, soma kwanza hukumu yenyewe ya 2000, kisha kauli hiyo, halafu uliambie darasa unasimama wapi.